Unyakuo kabla ya dhiki, na hati ya kiwanja ya miaka 99

Kuna mambo mawili ambayo mhubiri wa mkutano wa nje hapa Dodoma anaweza kuyasema jioni moja, kwenye jukwaa lile lile, na watu wakaitikia amina kwa yote mawili. La kwanza: kanisa halitamwona Mpinga Kristo, kwa kuwa litanyakuliwa, yaani litachukuliwa juu kwenda kwa Bwana, kabla ya ile miaka saba ya dhiki kuu. La pili: ndugu zangu kaeni chonjo, msikubali chipu, mfumo wa 666, namba ya huyo Mpinga Kristo, umeshaingia nchini. Nimeyasikia yakifuatana Nkuhungu, nimeyasikia Chang'ombe, na kwenye uwanja mmoja wa vumbi upande wa Kizota ambako jenereta lilikuwa linaishinda kwaya kwa kelele. Swali linalofuata sijasikia mtu akiliuliza. Kama nitakuwa nimeshaondoka, hiyo chipu inanihusu nini?

Siulizi kwa kejeli. Mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, laini za simu ziliposajiliwa kwa alama za vidole, na tena mwaka 2021 ilipofika chanjo ya Uviko-19, wapo waumini waliokwenda kwa wachungaji wao na hofu ya kweli: je, hii ndiyo alama ya mnyama wa Ufunuo 13? Wengi wao ni watu waliofundishwa tangu darasa la ubatizo kwamba mnyama huyo atajitokeza wao wakiwa hawapo. Midomoni wanakiri unyakuo kabla ya dhiki. Moyoni wanajiandaa kuipitia. Na mimi naona moyo wao umeisoma Biblia vizuri kuliko chati waliyochorewa.

Hiyo ndiyo hoja yangu, niiseme mapema ili anayetaka kubisha abishe akijua anabishia nini: fundisho la kwamba kanisa litatolewa duniani kabla ya dhiki kuu limebebeshwa uhakika usio wake, na Wakristo wa kanda hii ya kati wana sababu za kimaandiko, na za kihistoria pia, za kuliangalia kwa jicho kali zaidi.

Nimetaja chati. Aliyekulia kwenye makanisa ya kilokole anaijua. Kitambaa cheupe kimefungwa kati ya miti miwili, kimechorwa kwa rangi za mafuta. Kushoto msalaba, halafu mstari mrefu wa kipindi cha kanisa, halafu mshale unaopanda juu kama roketi. Baada ya mshale kuna sanduku jekundu limegawanywa katikati, miezi 42 huku na miezi 42 huku, na mnyama mwenye vichwa saba ambaye mchoraji wetu, kwa kukosa mfano, kampa shingo za twiga. Kisha mshale unaoshuka, miaka 1,000, kiti cheupe cha enzi, ziwa la moto. Watu wanainua simu na kuipiga picha. Chati hizi zina ukoo. Mchungaji wa Kibaptisti wa Marekani, Clarence Larkin, aliyewahi kufanya kazi ya uchoraji wa mitambo kabla ya utumishi, alichapisha za kwake mwaka 1918, na nyingi tunazoziona leo ni wajukuu wa zile. Tatizo la chati ni kwamba mshale unaopanda na msalaba vimechorwa kwa rangi ile ile na unene ule ule. Mtazamaji anaondoka akidhani vyote viwili vimeandikwa kwa uwazi ule ule.

Havijaandikwa hivyo. Kuja kwa Kristo mara ya pili kumo katika kila ungamo la imani. Waanglikana wa Dayosisi ya Central Tanganyika wanalikiri kila Jumapili, kwamba atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu walio hai na wafu. Wakatoliki vivyo hivyo, Walutheri vivyo hivyo, Wapentekoste vivyo hivyo. Lakini kuja huko kugawanywe mara mbili, kwanza kwa siri kuwachukua watakatifu, kisha baada ya miaka saba hadharani pamoja nao, hilo ni jambo lililopangwa na kuenezwa katika karne ya 19. Mpangaji wake mkuu ni John Nelson Darby, aliyezaliwa London mwaka 1800, akawa kasisi wa Kianglikana huko Ireland, kisha akajitenga na kuwa miongoni mwa viongozi wa ule ushirika ulioitwa Ndugu wa Plymouth. Kuanzia miaka ya 1830 aliufundisha mpango huo, akasafiri nao hadi Amerika Kaskazini. Mwaka 1909 mwanasheria aliyegeuka mchungaji, Cyrus Scofield, akatoa Biblia yenye maelezo pembeni yaliyofuata mkondo huo. Msomaji wa kawaida akifungua ukurasa alikuta neno la Paulo juu na neno la Scofield chini, ndani ya jalada moja. Vyuo vya Biblia vikafuata, wamisionari wakafuata, kozi za Biblia kwa njia ya posta zikafuata, kanda za kaseti, na sasa video fupi za simu zenye muziki wa kutisha.

Umri mdogo wa fundisho si uthibitisho kwamba ni la uongo. Hata mahubiri dhidi ya utumwa yalichelewa kanisani. Wapo pia wanaotafuta mizizi ya kale zaidi na kutaja hotuba moja inayohusishwa na Efraimu wa Siria, mwalimu wa kanisa wa karne ya nne. Ila mababa wa kanisa wa karne ya pili waliolizungumzia suala hili kwa kirefu, kama Irenaeo, walitarajia kanisa litakutana na Mpinga Kristo na kukimbizwa naye. Anayesema kwamba kanisa la kwanza liliamini unyakuo kabla ya dhiki anadaiwa maelezo hapo.

Kinachoshikilia mpango mzima wa Darby ni Danieli 9, yale majuma sabini. Juma moja ni miaka saba, kwa hiyo sabini ni miaka 490. Majuma 69 yalitimia hadi kwa Masihi. Alipokataliwa na watu wake, saa ya Israeli ikasimamishwa, na Mungu akaanza shughuli nyingine kabisa, kanisa, jambo ambalo manabii hawakuliona. Juma la sabini linasubiri. Litakapoanza litakuwa la Israeli, si la kanisa, kwa hiyo lazima kanisa liondolewe kwanza. Ukiufuatilia kwa utulivu utaona kwamba unyakuo kabla ya dhiki hautoki katika mstari mmoja unaousema. Unatoka katika hesabu: Mungu ana watu wawili, mipango miwili, na hawezi kuiendesha yote kwa wakati mmoja. Paulo kwa Waefeso anasema kinyume, kwamba Kristo alitufanya sisi sote tuliokuwa wawili kuwa mmoja, akakibomoa kiambaza cha kati. Katika Warumi 11 kuna mzeituni mmoja, matawi ya mwitu yamepandikizwa kwenye shina lile lile. Ukikubali mzeituni ni mmoja, sababu ya kulitoa kanisa kabla ya juma la sabini inapungua nguvu sana. Mijadala mingi ya vijana wetu wa vyuoni hushindania aya za Ufunuo usiku kucha bila kufika hapa, ilhali hapa ndipo pa kuanzia.

Sasa andiko lenyewe. 1 Wathesalonike 4 haikuandikwa kwa ajili ya mkutano wa injili, iliandikwa kwa ajili ya msiba. Kanisa la Thesalonike lilikuwa changa, watu wake walikuwa wameanza kufa, na waliobaki walihuzunika wakidhani marehemu wao wameikosa siku ya Bwana. Paulo anajibu hilo: waliokufa hawatakosa kitu, tena watatangulia kufufuka, kisha walio hai watanyakuliwa pamoja nao. Anafunga kwa kusema, "farijianeni kwa maneno hayo." Hapa kwetu sura hiyo bado inafanya kazi yake ya asili. Nenda kazike Hombolo au Mvumi, kwenye kaburi ambalo vijana wamelichimba kwa sururu tangu alfajiri kwa sababu ardhi ya kiangazi imekaza. Mwinjilisti anafungua hapo hapo, na akina mama waliojifunga kanga viunoni wanaumaliza mstari kabla yake. Kabla au baada haiwahusu. Wanachosikia ni kwamba mama yao hajaachwa.

Jioni, mjini, mstari ule ule unageuka kuwa tishio la kuachwa. Dereva wa daladala aliyeokoka anatoweka na gari linaparamia ukuta. Bodaboda inaendelea peke yake mita mia. Mke anapapasa kitandani, mume hayupo, shuka bado lina joto. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichomo kwenye sura ile. Sura ile ina mwaliko, yaani mwito wa sauti kuu, ina sauti ya malaika mkuu, ina parapanda; ni vigumu kupata maelezo yenye kelele kuliko hayo kwa tukio linaloitwa la siri. Na lile la Mathayo 24, "mmoja atwaliwa, mmoja aachwa," linalopendwa sana, limetanguliwa na mfano wa Nuhu, ambapo waliochukuliwa ni wale waliosombwa na gharika, na aliyeachwa ni Nuhu. Wapo wanaosoma kinyume na wana hoja zao, lakini mtu asiutumie mstari huo jukwaani kana kwamba hauna utata.

Paulo anasema tutanyakuliwa tumlaki Bwana hewani. Je, tukishamlaki tunakwenda wapi? Matendo 28 inasimulia ndugu wa Rumi waliposikia Paulo anakuja: walitoka mjini hadi Soko la Apio na Mikahawa Mitatu kumlaki, kisha wakaingia naye Rumi. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa desturi hiyo. Mgeni mkubwa akija kwa barabara kutoka Morogoro, viongozi, wazee na vikundi vya ngoma hutoka kwenda kumpokea mpakani mwa mkoa, halafu msafara wote unarudi naye mjini. Sijawahi kuona wenyeji wakimpokea mgeni mpakani kisha wakageuka naye kurudi alikotoka, wakakaa huko miaka saba ndipo waje. Mwenzangu wa upande wa pili atanijibu kwa Yohana 14, kwamba Bwana anakuja kutukaribisha kwake, kwenye nyumba ya Baba. Ni jibu la haki, silidharau. Ila Yohana 14 haisemi lolote kuhusu miaka saba wala dhiki. Inasema tutakuwa naye alipo.

Nikubali kwamba upande wa unyakuo kabla ya dhiki haukosi silaha. Ufunuo 3:10, kanisa la Filadelfia linaahidiwa kulindwa, "utoke katika saa ya kuharibiwa." 1 Wathesalonike 5:9, Mungu hakutuweka kwa hasira yake. Neno kanisa halionekani katika Ufunuo kuanzia sura ya 4 hadi karibu na mwisho wa sura ya 22. Hilo la mwisho lina nguvu hafifu, kwa sababu watakatifu wamejaa katika sura hizo hizo, na mnyama anapewa kufanya vita nao. Lakini yale mawili ya kwanza ni mazito. Jibu langu ni kwamba ghadhabu ya Mungu na dhiki kutoka kwa mnyama ni vitu viwili tofauti, na kwamba Mungu ana njia ya kulinda isiyohitaji kuhamisha. Israeli walikuwa Gosheni, ndani ya Misri, mapigo yakiendelea. Yesu mwenyewe aliomba, "Mimi siombi kwamba uwatoe katika ulimwengu, bali uwalinde na yule mwovu."

Swali moja la upande ule bado linanisumbua, na nadhani linapaswa kumsumbua kila mwenye msimamo kama wangu. Kama watakatifu wote watabadilishwa miili siku ya mwisho wa dhiki, na waovu wote wakaangamizwa siku hiyo hiyo, nani anaingia kwenye ule utawala wa Kristo duniani wa miaka elfu akiwa na mwili wa kawaida wa kuoa, kuzaa na kufa? Zekaria 14 ina mataifa yaliyosalia yanayopanda Yerusalemu mwaka hadi mwaka. Majibu yapo, mengine mazuri, ila yote yana harufu ya kiraka. Wale wasioamini utawala halisi wa miaka elfu, wakimfuata Agostino, mwalimu mkuu wa kanisa la kale, wanalikwepa swali kwa kuliondoa mezani. Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wengi wako huko, ama kwa kujua ama kwa kutofundishwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inasema waziwazi kwamba kabla ya ujio wa Kristo kanisa litapita katika jaribu la mwisho litakalotikisa imani ya wengi. Wasabato nao, wenye historia iliyoanzia kwenye kile kilio cha tarehe 22 Oktoba 1844 Bwana alipotazamiwa asije, wanakataa unyakuo wa siri na kufundisha ujio mmoja wa wazi kwa kila jicho. Msimamo wa katikati ya dhiki, na ule wa kabla ya ghadhabu uliopata jina mwaka 1990, una wafuasi wachache hapa kwetu, nami sitaukalia.

Niseme jambo kuhusu ule msemo unaoshangiliwa kuliko andiko lolote: "Bwana harusi gani anaruhusu bibi harusi wake apigwe kabla ya harusi?" Unapendeza masikioni. Lakini bibi harusi huyu ameshapigwa. Namugongo, Uganda, mwaka 1886, vijana Waanglikana na Wakatoliki walifungwa kwenye matete na kuchomwa moto pamoja. Mwaka 2015, pwani ya Libya, Wakristo 21 walichinjwa, 20 wa Kikopti kutoka Misri na mmoja kutoka Ghana. Na hapa Ugogo kwenyewe, kabla ya kuwa na jiji wala treni ya umeme, kulikuwa na njaa kuu iliyoitwa Mtunya. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipopita hapa, Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza wakaiteka Dodoma mwaka 1916, wakaendelea kuchukua vile vile. Mvua ikakatika. Kuanzia 1917 hadi 1920 watu walikufa kwa njaa, na homa ya mafua ya 1918 ikawakuta hawana nguvu ya kusimama. Ukoo wenye wazee wa Kigogo hapa mjini haukosi mtu mwenye habari za babu aliyeuza mtoto kwa debe la mtama, au za kijiji kilichohamia kwa majirani na hakikurudi chote.

Wakati ule ule kanisa lilikuwa linaanza. Wamisionari Waingereza wa CMS, chama cha kimisionari cha Kianglikana, waliokuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, walikamatwa na Wajerumani wakati wa vita, na baadhi ya walimu Waafrika wa kanisa nao wakatiwa mbaroni. Kama kuna mahali ambapo ingefaa bibi harusi aondolewe mapema, ni pale. Hakuondolewa. Mwaka 1927 dayosisi ikaundwa, askofu wake wa kwanza akiwa George Chambers kutoka Australia, na vijiji vilivyozika watu kwa njaa ndivyo vilivyojenga shule za udongo na makanisa ya tope. Najua nitaambiwa dhiki zile ni za kawaida na Dhiki Kuu ni nyingine, na tofauti hiyo naikubali. Lakini ule msemo wa bibi harusi hautofautishi. Unasema Mungu hawezi kuruhusu, na kumbukumbu ya Mtunya inasema aliruhusu, na wajukuu wa waliopitia ndio waliokaa viti vya mbele wakisema amina.

Hapo ndipo ninapoona fundisho hili limetuvaa kama shati la mtu mwingine. Dodoma ya leo, ile iliyoanza kukimbia baada ya tangazo la Julai 2016 kwamba serikali inahamia hapa rasmi, ina raha zake, na mtu mwenye raha hupenda kusikia kwamba hataonja shida. Mchungaji anahubiri Jumatano kwamba parapanda inaweza kulia usiku huu huu, tusilale. Jumamosi yuko Iyumbu, amevaa kofia ya jua, anakagua bikoni za kiwanja na kumuuliza afisa ardhi kama hati ni ya miaka 33 au anaweza kupata ya 99. Simcheki. Yeremia alinunua shamba Anathothi kwa shekeli kumi na saba huku jeshi la Babeli limeizunguka Yerusalemu. Mtu anaweza kumngojea Bwana na akapanda mzabibu atakaouvuna baada ya miaka. Nachosema ni kwamba matendo yetu yamekwisha kuamua: tunaishi kama watu watakaokuwepo, tunapanga kama watu watakaokuwepo, tunaogopa chipu kama watu watakaokuwepo. Fundisho la kutokuwepo limebaki kwenye kitambaa.

Kuhusu wapanga tarehe sitakawia. Mwaka 1988 Mmarekani mmoja aliyewahi kuwa mhandisi alitoa sababu 88 za unyakuo kutokea Septemba ile. Mwaka 2011 Harold Camping alitaja Mei 21, ikapita, akahamishia Oktoba 21, ikapita. Mwaka 2025 ilikuwa zamu ya mhubiri wa Afrika Kusini, Joshua Mhlakela, na Septemba 23 na 24. Video zake zilifika hadi kwenye makundi ya WhatsApp ya kwaya zetu. Siku ya tarehe 24, Jumatano, soko la Majengo lilifunguliwa kama kawaida. Haki itendeke: walimu makini wa unyakuo kabla ya dhiki wanakataa tarehe kwa nguvu kuliko mtu yeyote, na mauaji ya waumini huko Kanungu, Uganda, mwaka 2000 au yale ya Shakahola, Kenya, yaliyofichuliwa mwaka 2023 hayawezi kubebeshwa fundisho lao. Yale yana mizizi mingine, ya kiongozi asiyehojiwa.

Mtumishi mmoja ninayemheshimu, tuliyekaa naye kwenye benchi nje ya ofisi ya kanisa lake tukila zabibu za msimu, alinimalizia mjadala hivi: "Kaka, mimi nahubiri kabla. Nikikosea, nitakuwa nimewaweka watu macho. Wewe ukikosea, utakuwa umewalaza." Nimelifikiria jibu lake kuliko hoja nyingine zote, kwa sababu ni la kichungaji, si la kitabu.

Nadhani hesabu ya hasara ameipindua. Chukua muumini aliyefundishwa kwamba atapita dhikini, kisha akanyakuliwa mapema. Atakuwa amepoteza nini? Sasa chukua yule aliyefundishwa kwa miaka thelathini kwamba waliookoka hawatamwona mnyama, kisha asubuhi moja akajikuta mnyama yuko mbele yake. Hatasema, kumbe fundisho lilikosea. Atasema, kumbe mimi sikuokoka. Nimeachwa. Mchungaji wangu naye kaachwa, kwaya nzima imeachwa, basi hatukuwa na kitu. Saa anayohitaji imani kuliko saa zote ndiyo saa ambayo fundisho lake litamwambia hana.

Sibuni hofu hiyo. Ndiyo iliyowapata Wathesalonike wenyewe, kanisa lile lile la misiba. Baada ya waraka wa kwanza mtu aliwafikishia habari kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwapo, nao walikuwa katika mateso, wakafadhaika, wengine wakaacha hata kazi. Paulo anawaandikia mara ya pili. Kama alikuwa amewafundisha kwamba kanisa huondoka kwanza, jibu lilikuwa rahisi, la mstari mmoja: mbona bado mpo, na mimi bado nipo? Hakulitumia. Aliwaambia siku ile haiji usipokuja kwanza ukengeufu, yaani watu kuiacha imani, akafunuliwa yule mtu wa kuasi, yaani aliwapa vitu viwili vya kutazamia kwa macho. Wachache wamejaribu kusema ukengeufu huo ndio unyakuo wenyewe, na hata katika kambi yao wengi hawakuwafuata. Wengine wanasema Paulo alizungumzia siku ya Bwana tu, si kukusanyika kwetu, ingawa mstari wa kwanza wa sura hiyo umevitaja vyote viwili kwa pumzi moja. Mwalimu wa kipindi cha Biblia anayetaka kutundika ile chati tena msimu huu, aanze na 2 Wathesalonike 2, mstari wa 1 hadi wa 5, na awaachie wasikilizaji dakika za kutosha kuuliza.